Mtoto wa Kifuani

Wifi yangu Kulpash anaishi nyumba ya pili kutoka kwangu, na huu ni mwaka wa pili hatusalimiani. Asubuhi nikitoka kuchota makaa ya mawe ghalani namwona uani kwake akilisha kondoo wake sita, naye akiniona anageuzia uso upande wa zizi. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningemmwagia mtu kama mimi ndoo ya majivu ya moto. Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo nilitakiwa kulisema mbele ya watu, sikulisema, na sasa halimsaidii mtu tena.

Aliletwa hapa Jelsai akiwa bibi harusi wa kaka yangu Tursin, miaka thelathini na saba iliyopita. Kwetu sisi Wakazakhi mke hatamki majina ya ndugu wa mumewe, hata ya wadogo, kwa hiyo hutubandika majina ya kubuni. Wenzangu walibandikwa majina matamu, mmoja Macho Mazuri, mwingine Mchangamfu. Mimi nilikuwa karani mpya wa ofisi ya kijiji, vidole vimetapakaa wino, basi bibi harusi akanitazama juu mpaka chini akaniita Wino. Kijiji kizima kikalidaka. "Wino, chai yako inapoa." "Wino, wewe huolewi leo wala kesho?" Nilimchukia mwezi mzima, kisha nikampenda, maana hakuna aliyejua kunichekesha kama yeye.

Alikuwa na nguvu za mikono zilizowatia aibu wanaume. Kwenye shamba la pamoja alinyoa kondoo hamsini kwa siku. Shamba lilipovunjwa akapata kazi ya kuchochea tanuri la shule, na majira yote ya baridi alisomba makaa kwa beleshi ili watoto wa wenzake wasome bila kutetemeka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nane. Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Alizaa mara nne, akazika mara tatu, akabaki na Sayat peke yake.

Nisisahau upepo. Jelsai iko kwenye pengo kati ya milima miwili, na upepo wote wa upande ule hauna njia nyingine ila kupitia kwetu. Milango yetu yote inatazama kusini. Majira ya baridi tunafunga kamba kutoka nyumbani hadi zizini, na mtu akiiachia kamba hiyo wakati wa dhoruba, tunamkuta theluji ikiyeyuka. Miaka yote hiyo tuliulaani upepo, hatukujua kwamba siku moja utakuwa mali ya taifa.

Sayat alikua, akamwoa Raihan, msichana mpole kutoka magharibi ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa treni. Mtoto wao wa kwanza akawa wa kike. Na kwetu mtoto wa kwanza wa mwana ni wa bibi na babu. Bibi humlaza kifuani, humlea kama kitinda mimba wake, na mtoto humwita bibi mama, humwita baba yake kaka. Tunasema huyu ni mtoto wa kifuani. Nusu ya kijiji walilelewa hivyo na hakuna anayeona ajabu. Siku ya kumpokea mtoto huyo, Tanakoz, kondoo alichinjwa, Kulpash akashikishwa mfupa wa muundi mbele ya watu uwe shahidi, tukala nyama, tukaimba. Raihan alikaa karibu na mlango, maziwa yamemlowesha kifua cha gauni, akatabasamu kama inavyotakiwa. Nilimwona. Nikakata kipande kingine cha nyama.

Watoto wa kifuani wengi huja kujua wenyewe wakiwa na miaka mitano au sita, kwa midomo ya wenzao. Hulia siku moja, wakasahau. Kulpash hakutaka hata hilo. Alikwisha kuzika watoto watatu, na huyu alitaka awe wake mpaka mwisho, mbele ya Mungu na mbele ya serikali. Akaja ofisini kwangu, Tursin nyuma yake amejikunyata kama mtu aliyeburutwa.

"Wino, niandikie mtoto."

"Nikuandikieje, wifi?"

"Mama, Kulpash. Baba, Tursin. Nina miaka arobaini na minne, bado naweza kuzaa. Au unabisha?"

"Cheti cha muuguzi kinasemaje?"

Akakichomoa kifuani. Muuguzi alikuwa rafiki yake tangu siku za kunyoa kondoo. Cheti kilisema Kulpash.

"Hii ni kazi ya jela, wifi."

"Jela ya nini? Nimemwiba nani? Damu yangu naiandika kwa jina langu." Akanisogezea muhuri kwa kidole. "Piga, twende ukanywe supu. Umekonda mpaka unatia huruma."

Nikapiga. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba atakayemwambia mtoto huyu neno, yeye Kulpash atamtia kwenye tanuri la shule pamoja na makaa. Watu walicheka, lakini walinyamaza. Raihan alizaa wavulana wawili baadaye na hao akaachiwa. Tanakoz alimwita Raihan wifi, nami aliniita shangazi.

Sasa huyo Tanakoz. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, nimeandika vizazi na vifo vya watu wengi mno. Lakini mtoto yule alikuwa na kichwa cha namna yake. Tangu mdogo alikuwa akikaa na mama yake kwenye chumba cha tanuri, akiandika kwa kidole kwenye vumbi la makaa. Akiwa na miaka saba alimwambia Kulpash, ukiwa bado mwezi wa kwanza, kwamba makaa ya shule yataisha tarehe tisa Machi. Alikuwa amehesabu ndoo za kila siku na kuzilinganisha na siku za upepo mkali. Mwalimu mkuu alicheka. Tarehe tisa Machi asubuhi Kulpash alikwangua sakafu ya ghala, akapata nusu ndoo.

Mwalimu Esenbai, wa hesabu, akateremka mwenyewe kwenye tanuri.

"Kulpash, huyu binti yako unamlisha nini?"

"Anakula anachokula mwanao. Tofauti yake huyu anatafuna."

Tangu siku hiyo Esenbai alimfundisha peke yake kila jioni. Hakuchukua hata yai. Alisema ameisubiri akili kama ile miaka ishirini na saba na sasa ameingiwa na hofu kwamba atastaafu kabla haijamzidi. Ilimzidi baada ya miaka mitatu.

Ndipo serikali ikaja kuuchukua upepo wetu. Minara hamsini na minne, kila mmoja mapanga matatu, mirefu kiasi kwamba kondoo walikataa kula majani chini yake mwaka mzima. Waziri alikuja kukata utepe huku ameshikilia kofia. Akasema nchi imewekeza kwenye nishati isiyoisha, na katika umeme wote utakaouzwa, fungu litakwenda kwenye shule ya bweni ya mji mkuu, kwa watoto wenye vipaji wa wilaya za upepo. Nafasi tatu kila mwaka, kwa wanaoingia darasa la saba. Maabara, walimu wakubwa, kila kitu bure mpaka chuo kikuu. "Upepo wenu utawasomesha watoto wenu!" Tulipiga makofi, kwa dhati kabisa. Kulpash alipiga kuliko wote, mikono yake myeusi kwa makaa. Umeme wenyewe ulipita juu ya vichwa vyetu ukaenda mjini, na shule yetu ikaendelea kuchoma makaa, lakini siku hiyo nani alijali?

Kaka yangu Tursin hakuiona minara. Kifua kilimmaliza majira ya baridi yaliyotangulia. Sayat ndiye aliyepata kazi huko, ya kupanda ndani ya minara na kukaza, kulainisha, kusafisha. Jioni alimletea Tanakoz karatasi zenye vipimo vya kasi ya upepo, na mtoto alizipokea kama wenzake wanavyopokea peremende. Walikuwa wanakaa kwenye ngazi ya nyumba, mabega yamegusana, wanabishana juu ya namba. Siku moja nilimtania Sayat kwamba anampenda dada yake kuliko mkewe. Hakucheka.

"Shangazi," akaniambia, "akiniita kaka huwa naitika haraka haraka, nisipate muda wa kufikiri."

Februari ya mwaka juzi barafu ilifunga kipimo kimoja juu ya mnara wa kumi na tisa. Sayat alipanda kukifungua. Kifaa cha kumshikilia kwenye ngazi kilikuwa kimechakaa, kilishaandikiwa kibadilishwe, hakikubadilishwa. Alianguka ndani ya mnara, kutoka juu kabisa. Tulimzika kesho yake. Ardhi ilikuwa imeganda, wanaume walichimba kaburi kwa mitarimbo tangu asubuhi hadi alasiri. Kulpash alijifungia ndani siku tatu, ya nne akarudi kwenye tanuri kwa sababu shule ilikuwa baridi.

Magazeti yalipiga kelele kidogo. Serikali ikaongeza kifungu: mtoto wa mfanyakazi aliyefia kwenye minara, akifaulu mtihani, ataingia shule ile bila kugombania nafasi tatu. Baada ya arobaini Raihan alifunga mizigo, akachukua wavulana wake wawili, akarudi kwa wazazi wake magharibi. Hakuna aliyemzuia. Kabla ya kupanda gari alimkumbatia Tanakoz muda mrefu mno, mpaka mtoto akaanza kujinasua kwa aibu.

Mwezi wa tano Tanakoz alifanya mtihani. Walikuwa watoto mia tatu na kitu. Akawa wa nne, alama mbili nyuma ya wa tatu.

Esenbai alileta barua ile kwenye chumba cha tanuri, ambako Kulpash alikuwa anakwangua masizi ya mwaka. Nami nilikuwepo, nimemletea kurti za kutafuna, yale maziwa makavu ya chumvi anayoyapenda. Mwalimu aliisoma, akaikunja, akaifungua tena.

"Mwakani hawezi kujaribu," alisema. "Wanachukua darasa la saba tu. Lakini kuna nafasi ya nne, Kulpash. Ya mtoto wa marehemu."

"Marehemu gani?"

"Sayat."

"Watoto wa Sayat wako kwa bibi yao mwingine, na mkubwa wao hajui hata kufunga kiatu."

"Kulpash, sote tunajua."

Akainua beleshi. Kweli kabisa nilifikiri atampiga nalo. "Mnajua nini? Sema tena, mwalimu. Nyote mnajua nini?"

Esenbai ni mtu mwoga, anaogopa hata batamzinga, lakini siku ile hakurudi nyuma. "Najua kwamba akibaki hapa nitamfundisha mambo niliyokwisha kumfundisha. Basi. Ataishia kuchochea tanuri hili."

Kulpash alikaa siku nane bila kusema na mtu. Ya tisa alimpigia simu Raihan, mimi nikiwa nimekaa naye kitanda kimoja, na sauti ya Raihan ilisikika mpaka kwangu.

"Mama, ukisema mbele ya serikali kwamba ni wangu, basi ni wangu. Akifunga shule atakuja kwangu. Hatakuja kwako. Miaka kumi na miwili mwanangu ananiita wifi, mama. Umewahi kuniuliza?"

"Sijawahi," akasema Kulpash.

"Basi usiniombe nikuhurumie."

"Sikuombi. Haki yako. Wewe njoo utie saini tu."

Raihan hakuweza kuja, mwanawe mdogo alikuwa na surua. Aliahidi kuandika barua, ipigwe muhuri kwao, aitume kwa treni. Kulpash alikata simu, akaniangalia kwa macho makavu.

"Wino, kamati ya shule ile inakaa Alhamisi. Mimi nitasema nilidanganya. Wewe utasema uliandika uongo kwa sababu nilikulazimisha. Nitajitwisha yote."

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, wifi."

"Najua. Nakuomba."

Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amenitania, amenitukana, amenituma, lakini kuniomba hakuwahi. Nikasema sawa.

"Na Tanakoz?" nikauliza. "Tumwambie kabla."

"Hapana. Tutalimaliza kwenye makaratasi, mlango umefungwa. Nyumbani atabaki wangu mpaka Raihan aje kumchukua. Niachie wiki hizo chache."

Hapo ndipo nilipaswa kubisha. Ukweli ni kwamba nilifarijika. Kadiri watu wachache walivyosikia, ndivyo nilivyojiona salama.

Kamati ilikaa mji wa wilaya, chumba chenye picha kubwa ya minara yetu ukutani, imepigwa siku ya jua, hakuna hata mtu mmoja ndani yake. Watu watatu mezani. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, sura ya mtu asiyelala vizuri. Pembeni kijana kutoka ofisi ya mwendesha mashtaka anaandika. Tanakoz tulimwacha nje kwenye korido pamoja na Esenbai, tumemwambia ni mambo ya barua ya malalamiko.

Kulpash alisimama ingawa aliambiwa akae.

"Mimi si mama yake," akasema. "Mimi ni bibi yake. Mama yake ni Raihan. Baba yake ni mwanangu Sayat aliyefia kwenye mnara wenu. Nilidanganya serikali. Niadhibuni mnavyotaka, ila mtoto aende shule."

Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo vile. Aliposema "mimi si mama yake" alishika ukingo wa meza.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, pole kwa msiba. Lakini tangu kifungu hiki kitoke, watu wanatuletea wapwa, wanatuletea watoto wa jirani. Juzi mmoja alisema marehemu alimzaa mtoto wake kwa siri. Huyo mama mzazi yuko wapi?"

"Mbali. Barua yake iko njiani."

"Leo saa kumi tunafunga orodha. Una ushahidi gani?"

"Kijiji kizima kinajua."

"Kijiji kizima kina watoto wanaotaka shule." Akapekua faili. "Sheria inasema mtoto aliyezidi miaka kumi lazima asikilizwe. Mwiteni."

Kulpash akageuka. "Hapana, hakuna haja, yeye hajui chochote, mnielewe, yeye..." Lakini kijana alikwisha kufungua mlango.

Tanakoz aliingia, nywele zimesukwa mikia miwili, soksi nyeupe, akasimama wima kama wanavyofundishwa darasani.

"Binti, huyu ni nani yako?"

"Mama yangu."

"Yeye anasema si mama yako. Anasema wewe ni mtoto wa marehemu Sayat na mkewe."

Mtoto alimtazama Kulpash. Nilimwona anawaza, ile namna yake ya kukaza midomo anapopewa swali gumu, na nilimwona anafikia jibu. Jibu lisilo sahihi, lakini alilifikia kwa njia safi kabisa. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mama anadanganya," akasema. "Tafadhali msimfunge. Anataka niende shule, ndiyo maana. Nilikosa alama mbili. Swali la tisa nilikosea mwenyewe, si kosa la mtu."

"Tana, mwanangu..." alianza Kulpash.

"Basi, mama! Kaka Sayat amekufa. Usimtumie." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. Akawageukia wale watu watatu. "Cheti changu mnacho hapo. Na wifi Raihan ameondoka na watoto wake. Kama na mimi ningekuwa wake, angeniacha?"

Mwenyekiti akachukua cheti kile, akakiinua kwenye mwanga, akasoma jina langu chini ya muhuri.

"Bi Risti. Ni wewe uliyeandika hapa. Uliandika ukweli, au uliandika uongo?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nililifanyia mazoezi kwenye gari: Niliandika uongo, mtoto ni wa Sayat. Maneno sita. Kulpash alinitazama, Tanakoz alinitazama. Nikamwona yule kijana wa mashtaka ameinua kalamu anasubiri. Nikaiona seli, nikauona mkoba wangu wa kazini umetupwa nje ya ofisi, nikaona wanawake wa kijiji wananisema dukani. Niliogopa. Sina jina lingine zuri la kuliita jambo hilo.

"Ni zamani sana," nikasema. "Niliandika kilichokuwa kwenye cheti cha muuguzi."

Kila neno lilikuwa kweli. Kulpash aliendelea kunitazama kidogo, kisha akaacha, na hajanitazama tena tangu siku hiyo.

Mwenyekiti alifunga faili. Alisema kwa kuwa mama huyu amefiwa, kamati haitamshitaki kwa kujaribu kuidanganya. Alisema hivyo kwa huruma, na nadhani alijiona ametenda wema. Akampa Tanakoz kalamu yenye picha ya mnara na kumwambia ni msichana mkweli, nchi inahitaji watoto kama yeye. Nafasi ya nne mwaka ule haikujazwa na mtu.

Barua ya Raihan ilifika siku nne baadaye, imepigwa muhuri safi. Esenbai aliipeleka mpaka mji mkuu kwa treni, akaambiwa orodha imefungwa. Mwezi wa nane Raihan alikuja mwenyewe, akamchukua binti yake. Anasoma huko kwao sasa, shule ya kawaida karibu na reli, watoto arobaini na watano darasa moja. Esenbai ndiye anayepata habari zake. Anasema ana alama nzuri tu, za kawaida, na kwamba akimtumia maswali hayajibu. Mimi nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Nataka kusema juu ya safari ya kurudi siku ile.

Tulikuwa wanne kwenye gari la Esenbai. Tanakoz alikaa nyuma kati yetu, ameshika mkono wa Kulpash kwa mikono yake miwili, anambembeleza. "Mama, usilie. Shule si kitu. Nitasoma kwa mwalimu. Nitakusaidia tanuri. Ila usiseme tena kwamba mimi si wako, hata kwa uongo. Nimeumia." Kulpash hakuwa analia. Alikuwa anatazama mbele tu. Minara ya kwanza ilipojitokeza akamgusa Esenbai begani.

"Simamisha."

Walishuka wawili, yeye na mtoto, wakasimama kando ya barabara, upepo unawavuta mitandio. Nami nikashuka. Kulpash alimwambia yote. Hakulia, hakujitetea, alisema kwa mpangilio kuanzia siku ya kuzaliwa. Mtoto alianza kutikisa kichwa, "Mama, acha, tumeshatoka kule, acha," kisha akanitazama mimi.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi ndiye niliyepiga muhuri."

Pale barabarani, hakuna mtu anayeandika, nilikuwa shujaa.

"Shangazi," akasema Tanakoz polepole, "mbona hukusema kule?"

Hakungoja jibu. Alikuwa amekaza midomo ile namna yake.

"Nani wanajua?"

"Wote," akasema Kulpash.

"Kaka alijua?"

"Alijua."

Akageuka akaitazama minara. Mapanga yalikuwa yanazunguka yote pamoja, siku ile upepo ulikuwa mzuri. Aliposema, alisema bila hasira, kama mtu anayehakikisha hesabu yake.

"Siku ya mazishi mlimkalisha wifi na kitambaa cheusi, wanawake wakamzunguka wakaomboleza naye. Mimi mlinipa birika. Nilizunguka nyumba nzima nawagawia chai watu waliokuja kumzika baba yangu. Wote walijua. Na walipokea vikombe."

Kulpash alinyoosha mkono amshike. Mtoto akarudi nyuma hatua moja, akaingia garini, akakaa kiti cha mbele na mwalimu.